Nyumba Ambazo Tayari Zimesimama: Ushuru wa Nyumba na Swali la Kijijini

Mjadala wa ushuru wa nyumba nchini Kenya umetuchosha kabla haujafika kijijini. Mahakama Kuu iliuharamisha ushuru wa awali mwezi Novemba 2023, Mahakama ya Rufani ikakataa kuusimamisha uamuzi huo Januari iliyofuata, na tarehe 19 Machi 2024 Sheria mpya ya Nyumba za Bei Nafuu ikatiwa saini. Tangu hapo tumebishana kuhusu asilimia 1.5 inayokatwa mshahara, kuhusu maghorofa, na kuhusu nani atakabidhiwa ufunguo. Sheria hiyo hiyo inaitambua pia nyumba ya bei nafuu ya kijijini, iliyo nje ya miji, na jambo hilo limepokelewa kwa namna mbili ambazo kwa maoni yangu zote zina kasoro. Wapo wanaoisoma kama ruhusa ya kukopesha watu wajenge nyumba mpya za mawe mashambani. Wapo wanaoipuuza wakisema kwamba mtu wa kijijini ana kwao, na mwenye kwao hana tatizo la makazi. Ninachodai mimi ni kwamba fedha za kijijini zielekezwe kwanza kwenye nyumba ambazo tayari zimesimama: kuzikarabati, na kuziwezesha familia zenye kipato kidogo kuzinunua zile zilizoachwa na wenyewe, kwa kazi ya mikono ya familia hizo na chini ya jicho la fundi ambaye mshahara wake unalipwa na mfuko wa ushuru huo.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na zaidi ya milioni 32 kati yao waliishi vijijini. Walio wengi huko hawapangi. Wanaishi katika nyumba walizozijenga au walizozirithi, juu ya ardhi ambayo mara nyingi haina hatimiliki kwa jina la anayelala ndani yake. Kwa upande mwingine, mikopo ya rehani katika nchi nzima ilikuwa takriban 30,000 tu kwa hesabu za Benki Kuu za mwaka 2023. Chombo ambacho baada ya miongo mingi kimewafikia watu wachache hivyo, wengi wao wakiwa waajiriwa wa mjini wenye hati za mshahara, hakiwezi kutarajiwa kumfikia mkulima wa korosho wa Kwale au mfugaji wa Tana kwa sababu tu riba imepunguzwa. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, lakini taasisi zetu za fedha zinajua kukopesha ukuta. Hakuna hata moja niliyoiona yenye fomu ya ufa.

Inafaa tuutazame huo ufa kwa karibu, kwa kuwa mambo mengi yanayosemwa kuhusu nyumba za kijijini husemwa na watu walioziona kutoka barabarani. Nyumba ya shangazi yangu, nyuma ya Msambweni, ni ya viambaza vya udongo na paa la bati. Masika mawili yaliyopita ilikuwa ikivuja kiasi kwamba sufuria na ndoo zilipangwa sakafuni kila mvua ilipoanza, na kitanda kilihamishwa mara mbili kwa usiku mmoja. Fundi aliyeitwa hakupanda hata ngazi. Alimwambia, “Mama, hii vunja tu, tujenge ya mawe.” Shangazi akamjibu, “Nivunje nilale wapi, mwanangu?” Alipokuja mtu mwingine akapanda juu, ilionekana kwamba misumari ya upande mzima ilikuwa imepigwa katika bonde la mawimbi ya bati badala ya mgongoni, kwa hiyo kila tundu lilikuwa mahali maji yanapopita, na kutu ilikuwa imelipanua kila tundu hadi kidole kinaingia. Mabati yalikuwa yamepandana kwa kuelekea kusi, upepo ukawa unaingiza mvua chini yake. Chini, kiambaza kilikuwa kimeliwa hadi kufikia urefu wa goti kwa sababu upenu ulikuwa mfupi na matone yaliruka kutoka ardhini. Nguzo mbili za pembeni zilikuwa zimefanywa unga na mchwa. Boriti zote zilikuwa nzima. Ukizigonga kwa mpini wa jembe zilitoa sauti ya mti mkavu. Nyumba iliyohukumiwa kifo ilihitaji mabati tisa, misumari yenye raba, nguzo mbili, mawe ya kuzunguka msingi, upenu mrefu zaidi na siku sita za watu wanne, wawili kati yao wakiwa wajukuu.

Simulizi hiyo si ushahidi kwamba kila nyumba inaweza kuokolewa. Inaonyesha tu kwamba nyumba haifi yote kwa pamoja. Hufa kwa sehemu, na sehemu zinazotangulia ni paa, mguu wa ukuta na sakafu. Anayeijua hali hiyo huuliza nini kibadilishwe, na asiyeijua huuliza nini kijengwe badala yake. Ofisi inayopima mafanikio yake kwa idadi ya nyumba mpya zilizozinduliwa haina sababu ya kuuliza swali la kwanza, maana paa lililozibwa halikatiwi utepe. Hapo ndipo ninapoona kiini cha tatizo, zaidi ya uhaba wa fedha.

Historia yetu wenyewe ina mfano ambao ni ajabu kwamba haukumbukwi katika mjadala huu. Katika miaka ya 1960 wanawake wa sehemu za Nyeri na Murang'a waliunda vikundi vilivyokuja kujulikana kwa jina la mabati. Walilima mashamba ya watu kwa ujira, wakaweka ujira huo pamoja, wakanunua mabati ya mwanachama mmoja, kisha wa pili, hadi kila mmoja alipovua nyasi na kuezeka bati, na kwa bati akapata pia maji ya mvua ya kukinga badala ya kuteremka mtoni. Mpango huo haukuhitaji mtu kuonyesha hati ya ardhi, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya mume. Dhamana yake ilikuwa jirani anayejua kwamba zamu yake inakuja. Kila aliyepata kushiriki katika chama cha kuchangiana fedha kwa zamu anaijua nguvu ya dhamana hiyo, na anajua pia udhaifu wake: waliokwisha kupata zamu huanza kuchelewa, na kikundi kisicho na kiongozi imara huvunjika katikati. Kwa hiyo siupendekezi ujima wa kale kana kwamba ulikuwa hauna dosari. Ninasema kwamba mfumo wa kukarabati nyumba kwa zamu, kwa mikono na kwa akiba ya pamoja, hatuhitaji kuuagiza kutoka ng'ambo.

Hata hivyo, ng'ambo kuna jambo moja la kujifunza, nalo ni jinsi serikali inavyoweza kuingia katika mfumo wa aina hiyo bila kuuua. Nchini Marekani, Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949 iliipa Wizara ya Kilimo jukumu la kukopesha familia za mashambani ambazo benki hazikuzitaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kijiji cha Goshen katika bonde la San Joaquin jimboni California, familia chache za vibarua wa mashamba zilianza kujenga nyumba zao kwa kusaidiana, zikisaidiwa na shirika la kidini la Waquaker. Mwaka 1965 kazi hiyo ilizaa shirika la Self-Help Enterprises, na baadaye serikali ikaufanya utaratibu huo kuwa mpango wake. Familia hufanya angalau asilimia 65 ya kazi ya ujenzi, na katika vikundi vinavyojenga pamoja hakuna anayehamia kwake hadi nyumba ya mwisho imalizike. Kilichokuja kuongezwa, na ambacho hapa kwetu hakizungumzwi, ni kwamba familia inaweza kununua nyumba kuukuu ya kijijini kwa mkopo wa serikali na kuitengeneza yenyewe kwa msaada huo huo, na mwenye nyumba tayari anaweza kusaidiwa kuikarabati aliyo nayo. Pembeni yake upo mkopo wa ukarabati unaofikia dola 40,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa miaka 20, na ruzuku inayofikia dola 10,000 kwa wazee wenye umri wa miaka 62 na kuendelea wasioweza kulipa mkopo.

Tofauti ya utajiri kati ya nchi hiyo na yetu ni kubwa, na dola 40,000 ni fedha ambazo hapa zingekarabati mtaa. Somo liko katika mpangilio. Serikali ya Marekani hutoa ruzuku kwa mashirika ya mahali husika ili yaajiri msimamizi wa ujenzi, mtu anayefika mahali pa kazi, anayefundisha namna ya kushika nyundo na kukagua nyaya za umeme, na gharama yake haiingizwi katika deni la familia. Huko ndiko kujitegemea kunakogharamiwa kwa dhati, kwa sababu anayeambiwa ajitegemee bila wa kumwelekeza hurudia makosa ya misumari bondeni. Mpango huo nao hauko salama. Mwezi Mei 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza katika bajeti yake kuifuta mikopo ya moja kwa moja ya nyumba za mashambani pamoja na ruzuku hizo za kujijengea. Mpango unaohudumia watu waliotawanyika, wasio na sauti katika miji mikuu, ndio wa kwanza kuguswa makali ya bajeti yanapokuja. Sisi tunaoanza tunapaswa kulijua hilo, tuliandike fungu la vijijini katika kanuni kwa kiwango kinachojulikana, lisiachwe kuwa masalio ya maghorofa.

Kuna hoja ya afya pia, na hiyo naipa uzito mkubwa kuliko hoja ya uzuri wa nyumba. Jimbo la Coahuila nchini Mexico lilianza mwaka 2000 kuzipa familia maskini saruji ya kufunika sakafu za udongo, hadi mita 50 za mraba kwa nyumba; familia zilitayarisha vyumba na kusambaza zege kwa mikono yao. Watafiti waliolinganisha nyumba hizo na nyingine zilizofanana nazo walikuta kwamba pale sakafu yote ilipofunikwa minyoo na vimelea vingine vya tumboni kwa watoto vilipungua kwa asilimia 78, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Kuta zilibaki zile zile, na paa lile lile. Katikati ya Côte d'Ivoire, jaribio lililofanyika katika vijiji 40 vya eneo la Bouaké lilichukua nyumba zilizopo, likaziba uwazi ulio kati ya ukuta na paa, likaweka wavu madirishani na mirija yenye dawa chini ya mapenu. Malaria kwa watoto ilipungua kwa asilimia 38. Ni haki kuongeza kwamba nchini Gambia jaribio la kubadili mapaa ya nyasi kuwa ya bati na kuweka milango ya wavu halikupunguza malaria kwa watoto waliokuwa tayari wakilala ndani ya vyandarua. Kwa hiyo bati si dawa ya kila kitu, na anayeahidi hivyo anadanganya. Lakini ukiyaweka matokeo hayo pamoja unaona kwamba faida ya afya hutegemea sehemu gani ya nyumba imeguswa na imeguswa vipi. Mwanya wa chini ya paa unaweza kuzibwa, na sakafu ikafunikwa, bila kuivunja nyumba.

Wanaopinga wazo hili wana hoja zinazostahili kujibiwa kwa uangalifu, na iliyo nzito kuliko zote inahusu kazi yenyewe. Tukisema familia ikarabati kwa mikono yake, tunamtwika nani? Katika Pwani na bara, anayekandika kiambaza, anayebeba maji ya kukandia na anayepiga sakafu kwa samadi kwa kawaida ni mwanamke, ambaye tayari ana shamba, kuni na watoto. Mpango wa serikali unaohesabu jasho lake kama mchango na kuliita ushirikishwaji unaweza kuwa njia ya kupata kibarua cha bure. Sina jibu la kuimaliza hoja hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba kazi hiyo anaifanya hata sasa, kila mwaka, kwa sababu ukuta ulioliwa chini hukandikwa upya kila masika yakipita, na mguu wa mawe pamoja na upenu mrefu humwondolea mzunguko huo. Aidha, kanuni zinaweza kuruhusu familia imlipe kijana wa kijiji kwa sehemu ya mkopo, au wabadilishane siku na jirani, na wazee na wagonjwa wapewe ruzuku bila kudaiwa jasho. Mpango usiokuwa na nafasi hiyo nisingeuunga mkono.

Hoja ya wizi nayo ni ya kweli. Mwaka 2023 nchini Uganda mawaziri walifikishwa mahakamani kuhusiana na mabati yaliyokusudiwa watu wa eneo la Karamoja, na kila Mkenya ana mfano wake wa msaada uliopotelea ghalani. Ila tuangalie kosa lilipo. Kinachoibika kwa urahisi ni shehena inayonunuliwa na ofisi, inayohifadhiwa na ofisi na kugawiwa na ofisi. Familia ikipewa hati ya malipo inayokubaliwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi lililosajiliwa katika kaunti, ikachagua yenyewe bati la geji 30 badala ya kuletewa jembamba lisilojulikana lilikotoka, na kikundi chake kikasaini kwamba kimeliona bati hilo juu ya paa, basi mwizi atalazimika kuwadanganya majirani ishirini wenye macho na sababu ya kuangalia. Wizi hautakwisha, lakini utakuwa mdogo na utaonekana.

Wengine wanatukumbusha yaliyotokea kwa Hazina ya Hustler, mfuko wa serikali wa mikopo midogo uliozinduliwa Novemba 2022, ambapo wengi waliokopa kwa simu hawakulipa. Mkopo ule ulikuwa wa fedha taslimu, wa mtu mmoja mmoja, usio na kitu cha kuonekana na usio na mtu wa kufuatilia. Mkopo wa ukarabati unaishia kuwa kitu kilichopigiliwa misumari. Tuchukue mfano wa hesabu tu: shilingi 60,000 zilipwe kwa miezi 36 bila riba, ni takriban shilingi 1,670 kwa mwezi, na zinaweza kupangwa zilipwe kwa msimu, baada ya korosho, mahindi au mnada wa mbuzi, kwani kipato cha kijijini hakiji tarehe 30. Kwa fedha zinazojenga nyumba moja ya shilingi milioni 3, familia 50 zingepata mkopo wa namna hiyo, na marejesho yao yangekopeshwa tena.

Hoja iliyo dhaifu kabisa, ingawa husemwa kwa kujiamini kuliko zote, ni kwamba nyumba ya kijijini haina thamani sokoni na kwa hiyo haifai kuwekewa fedha za umma. Inachanganya mambo mawili: bei ambayo benki ingeipata ikiinadi nyumba, na manufaa anayoyapata anayeishi ndani yake. Barabara ya kijiji haiuzwi, na kisima cha shule hakiwekwi rehani, lakini hakuna anayesema visigharamiwe. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yanayofaa, wala haisemi makazi yanayouzika. Zaidi ya hayo, wafanyabiashara na wakulima wasio na ajira rasmi nao wanatozwa asilimia 1.5 ya mapato yao chini ya sheria ya mwaka 2024. Mama anayeuza samaki Vanga akiwa mlipaji wa ushuru, ni vigumu kumweleza kwa nini fedha yake inajenga ghorofa ambalo hatalikaa huku paa lake likihesabiwa kuwa halina thamani.

Hoja hiyo ya soko inakosea pia kwa kudhani kwamba vijijini nyumba hazinunuliwi. Zinanunuliwa, ila kwa njia ambazo daftari la msajili halizioni. Njia iliyo ya kawaida kuliko zote ni urithi: wazazi wakifariki, mtoto mmoja aliyebaki nyumbani hulazimika kuwafidia ndugu waliohamia Mombasa au Nairobi, na akishindwa, nyumba hukaa bila mtu wa kuigusa hadi paa linaporomoka, kwa sababu hakuna anayetaka kutengeneza mali ya wote. Nimeziona nyumba za aina hiyo nyingi kuliko viwanja vitupu. Mkopo mdogo wa kuwafidia ndugu, unaotolewa baada ya kikao cha familia mbele ya wazee na chifu na kuandikwa, ungerudisha nyumba nyingi mikononi mwa mtu aliye tayari kuitunza. Ni ununuzi kamili, ingawa hakuna dalali aliyeushuhudia.

Pwani tuna jambo jingine la kwetu, ambalo watunga sheria wa Nairobi huwachukua muda kulielewa: nyumba bila shamba. Mtu anamiliki nyumba, anaiuza, anairithisha, na wakati huo huo analipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja ambaye pengine hajawahi kumwona. Utaratibu huo ulikulia Mombasa na umeenea ukanda wote, pembeni ya maelfu ya familia zinazoitwa maskwota katika ardhi zilizokaliwa na babu zao. Kwa watu hao, sharti la hatimiliki ni sawa na kufunga mlango kwa kufuli. Upo wasiwasi halali kwamba kukarabati nyumba iliyo juu ya ardhi ya mwingine ni kumtajirisha mwenye ardhi, na kwamba anaweza kumfukuza mwenye nyumba baada ya bati kuwekwa. Ndiyo maana napendelea mkopo wa ukarabati kuliko wa kujenga upya katika mazingira hayo: bati, mbao na milango vinaweza kuezuliwa na kubebwa, ilhali msingi wa mawe hauhamishiki. Kwa anayenunua shamba la kilimo lenye nyumba ndani yake, idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi inahitajika na bila hiyo mauzo ni batili, jambo ambalo wanunuzi wengi hulijua wakiwa wamekwisha kulipa. Msimamizi wa mpango, akiwa na mtu mmoja anayejua sheria za ardhi, angezuia hasara hiyo kabla ya senti moja kutoka.

Suala la riba linahitaji kusemwa wazi, kwa sababu katika Kwale, Lamu na Tana River Waislamu wengi hawatagusa mkopo wenye riba hata ukiwa wa asilimia ndogo namna gani. Mikopo ya vifaa inalitatua bila kuwatenga. Mfuko hununua mabati na saruji katika duka ambalo familia imelichagua, na kuiuzia familia hiyo kwa bei inayojulikana tangu mwanzo, ikalipwa kidogo kidogo, utaratibu ambao benki za Kiislamu nchini zimeuzoea. Kwa kuwa kinachokusudiwa ni vifaa na si fedha mkononi, utaratibu huo huo ungewafaa hata wasio Waislamu, na ungepunguza kishawishi cha kuutumia mkopo wa paa kulipia karo.

Majira yana uzito kuliko watunga bajeti wanavyodhani. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, fedha hufika kaunti kwa kuchelewa, na mara nyingi vifaa hufika mashambani masika yakiwa yameanza, wakati ambapo hakuna anayeweza kuezua paa wala kukandika ukuta ukakauka. Kazi ya paa Pwani ina dirisha zuri kati ya mwisho wa vuli na mwanzo wa masika, miezi ya Januari, Februari na nusu ya Machi, kaskazi ikivuma na jua likiwa kali. Kwa hiyo kikundi kinatakiwa kisajiliwe Agosti, nyumba zikaguliwe moja moja Septemba na Oktoba, msimamizi akiandika kwa kila nyumba ni mabati mangapi, nguzo ngapi na mita ngapi za upenu, na hati za malipo ziwe mikononi mwa watu kabla ya Januari. Mvua za mwisho wa 2023 na zile za Machi hadi Mei 2024 zilibomoa nyumba nyingi nchini, na katika baadhi yake kilichotangulia kuanguka ni ukuta ulioliwa mguu.

Msimamizi huyo atoke wapi, ndilo swali ambalo ningependa wizara na kaunti zilijibu kabla ya jingine lolote. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinatoa waashi na maseremala kila mwaka, ambao wengi wao huishia kungoja kazi za mjengo mijini. Mmoja wao, akiajiriwa kwa mkataba wa miaka miwili, akapewa pikipiki, ngazi na daftari, anaweza kuhudumia vikundi vitano au sita katika wadi moja. Mshahara wake ukiingizwa katika madeni ya familia, mkopo utakuwa mzito na watu wataukimbia. Ukilipwa na mfuko, familia itadaiwa tu kile kilichopigiliwa juu ya nyumba yake. Kwa ghorofa moja la mjini hulipwa mchoraji, mhandisi, mkaguzi wa gharama na mlinzi wa usiku, na hakuna anayeuliza kwa nini. Nyumba hamsini za udongo katika wadi moja nazo zinahitaji mtu mmoja wa kupanda ngazi.